Runinga na intaneti ndani ya gari-nyumba: kabla hujanunua dishi, tazama juu

Wiki iliyopita nililetewa gari-nyumba ambalo mwenyewe alikuwa amelifungia kila kitu: dishi bapa la intaneti ya setilaiti juu ya paa, ruta yenye laini mbili, antena ya runinga na king'amuzi. Malalamiko yake yalikuwa mawili. Simu za video zinakatika kila baada ya dakika chache, na runinga inaganda. Nikapanda paani nikitarajia kukuta waya uliolegea. Sikuukuta. Kila skrubu imekaa, kila kiungio ni kikavu. Ndipo nikamwomba anionyeshe picha za mahali walipolala siku tatu za mwisho. Zote zilikuwa na miti, miti mikubwa yenye kivuli cha kutamanika, na gari limeegeshwa chini yake kabisa.

Kazi yangu ni kufunga mawasiliano kwenye magari ya namna hii, yale yenye kitanda, jiko na choo ndani, pamoja na karavani za kuvutwa. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "ninunue kifaa gani?" Siku hizi najibu hivi: tafuta njia mbili ambazo haziwezi kushindwa kwa sababu moja. Setilaiti inashindwa na kizuizi, kama mti, jengo au mlima. Mtandao wa simu unashindwa zaidi na umbali. Ukilala msituni karibu na mji, laini ya simu itakubeba hata kama anga huioni. Ukilala kwenye uwanda mtupu, laini itakufa lakini anga lote ni lako. Mwenye laini tatu za kampuni tatu hudhani ana njia tatu, kumbe mara nyingi kampuni hizo zimefunga antena zao kwenye mnara mmoja, na mnara ukiwa mbali uko mbali kwa zote.

Laini ya simu na bati linalokuzunguka

Anzia hapa, kwa sababu simu unayo tayari. Ila usiviamini vile vijiti vya mtandao kwenye kioo. Kila mtengenezaji anavichora apendavyo. Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio wa ruta utafute namba iliyoandikwa RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara yanayokufikia. Ni namba hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora. Ukiona -80 furahi. Kwenye -100 utafanya kazi zako vizuri tu. Ikishuka chini ya -115, hata ujumbe wenye picha utakusumbua.

Sasa fanya jaribio dogo ninalowafanyia wateja wote. Weka simu au ruta juu ya meza ya ndani, soma namba. Kisha panda nayo paani, subiri dakika moja, soma tena. Kwenye gari la huyu bwana, mezani ilikuwa -113, paani -101. Tofauti ni desibeli 12. Kila desibeli 3 ni nguvu mara mbili, kwa hiyo hesabu: mara mbili, nne, nane, kumi na sita. Mawimbi yaliyofika paani yalikuwa na nguvu mara 16 ya yale yaliyopenya hadi mezani. Kuta za alumini ndizo zilizoyazuia, na zile pazia za kung'aa za kuzuia joto ambazo watu hubandika madirishani zilimalizia kazi. Nimewahi kukuta ruta imewekwa dirishani kwa makusudi mazuri, halafu nyuma yake kuna pazia la kung'aa. Hakuna bando litakalokununulia hizo mara 16.

Dawa yake ni antena ya nje, na hapa kuna mambo mawili yanayoharibiwa kila siku. La kwanza ni waya. Mita 5 za waya mwembamba wa antena zinaweza kumeza nusu ya nguvu uliyopanda paani kuifuata. Weka ruta karibu na antena, kwenye kabati la juu ikibidi, halafu acha wai-fai isafiri ndani ya gari. Ndani hakuna mbali. La pili ni idadi ya nyaya. Mitandao ya 4G na 5G hutuma mikondo miwili au zaidi ya data kwa wakati mmoja, ndiyo maana antena nzuri ya gari ina nyaya mbili au nne kwa ajili ya simu. Zichomeke zote. Ukichomeka moja tu kwa sababu nyingine haikufika, umejinyima sehemu kubwa ya kasi.

Kuhusu vikuza mawimbi, vile visanduku vinavyouzwa kwa ahadi ya kuongeza mtandao, mimi huviweka mwisho kabisa. Vingi hukuza mkondo mmoja tu, hivyo vijiti vinapanda huku kasi ikishuka. Isitoshe, nchi nyingi zimevibana kisheria, kwa sababu kikuza kibovu kinaweza kuvuruga mnara mzima na kuwakatia mawasiliano watu wote wa eneo hilo, pamoja na anayeomba msaada wa dharura. Antena nzuri na waya mfupi vimetosha kwenye kazi zangu nyingi.

Ukiwa mbali na mnara, kumbuka kwamba masafa ya chini, kama 700 au 800 MHz, husafiri mbali na kupenya vizuri kuliko masafa ya 2600 MHz. Ruta nyingi za safari hukuruhusu kuchagua. Na kama namba ni nzuri lakini jioni kila kitu kinazunguka tu, mnara umejaa watu. Hapo hata antena ndefu haisaidii. Badilisha laini au elekeza antena kwenye mnara mwingine.

Wai-fai ya kambi nitaisema kwa kifupi. Iko njia moja ya intaneti inayoingia ofisini, na magari yote yanaigawana. Niliwahi kufika kwenye kambi moja iliyoahidi intaneti ya kasi, nikaijaribu saa 6 mchana, ikaruka vizuri, nikapanga mkutano wa video na mteja saa 2 usiku. Saa 2 magari yote yalikuwa yamerudi na kila familia imewasha filamu. Mkutano haukufika dakika ya tano. Tangu siku hiyo huijaribu usiku kabla ya kuahidi chochote, na shughuli za benki huzifanya kwa laini yangu.

Anga

Intaneti ya setilaiti iko ya aina mbili, na tofauti yake ni urefu. Setilaiti za zamani zinakaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambako zinazunguka sambamba na dunia na kuonekana zimesimama palepale. Neno lako lazima lipande huko na kushuka, na jibu lifanye vivyo hivyo. Ni zaidi ya nusu sekunde kila unapobonyeza kitu. Barua pepe haijali, mazungumzo yanajali sana. Kampuni ya Starlink na wenzake wanatumia setilaiti za chini. Za Starlink ziko kwenye kilomita 480 hadi 550 hivi, na kuchelewa kunashuka hadi chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, kiasi kwamba hulihisi pengo.

Ila setilaiti ya chini haisimami. Inazunguka dunia nzima kwa kama dakika 95, kwa hiyo inakatiza anga lako kwa dakika chache, halafu dishi linapokezana na nyingine. Ndiyo sababu dishi hili linataka uwazi mpana sana, karibu pande zote. Mti ulio upande mmoja hauzimi intaneti. Unaikata kila setilaiti inapopita nyuma yake. Filamu haitaonyesha dalili, kwa kuwa imeshajipakulia dakika kadhaa mbele. Simu ya video itakufa. Yale malalamiko ya bwana wa wiki iliyopita yalikuwa na alama za mti tangu neno la kwanza, na mimi nikakimbilia waya.

Watu huniuliza mbona majani tu yanazuia mawimbi yanayotoka angani. Mawimbi ya dishi, kwenye masafa ya kama 12 GHz, yana urefu wa sentimita 2.5 hivi. Jani lina ukubwa unaolingana nayo au kuyazidi, na limejaa maji, na maji hunyonya mawimbi hayo. Mawimbi ya simu ya 800 MHz yana urefu wa karibu sentimita 37. Hayo hupita msituni kwa kuchechemea, lakini hupita. Baada ya mvua, majani yaliyolowa ni mabaya zaidi.

Programu ya simu ya Starlink ina kipengele cha kukagua anga kwa kamera. Itumie kabla hujazima injini. Ukishakunja turubai la mbele na kuweka viti, hutakuwa na moyo wa kusogeza gari.

Runinga

Kwa kawaida kuna njia tatu, na ya bei nafuu kuliko zote ndiyo inayosahaulika: antena ya kawaida, chaneli za bure za ardhini. Ukifika mahali, tazama mapaa ya nyumba za jirani. Antena zao zimeelekea wapi? Vijiti vyake vimelala au vimesimama? Iga hivyohivyo. Wenyeji wameshamtafuta mrushaji kwa niaba yako. Antena ya kuelekeza huishinda ile ya mviringo iliyofungwa kabisa paani, japokuwa ya mviringo haikusumbui kuigeuza. Kisha tafuta chaneli upya, kila unapohama. Nusu ya simu ninazopigiwa kuhusu runinga iliyokufa huishia kwenye kitufe hicho. Kumbuka pia kwamba dijitali haififii taratibu kama picha za zamani zilizojaa chenga. Inakuwa safi, halafu inaanza kukatika vipande, halafu kioo cheusi, na kati ya safi na cheusi ni hatua ndogo sana. Ukivuka mpaka, mfumo unaweza kubadilika: sehemu kubwa ya Ulaya na Afrika hutumia DVB-T2 au mtangulizi wake, Marekani hutumia ATSC, Japani na Brazili ISDB-T. Runinga ya mfumo mmoja haisomi mwingine.

Dishi la runinga linataka subira. Setilaiti zake ni zile zilizosimama juu ya ikweta, kwa hiyo aliye kaskazini anaelekeza kusini, aliye kusini anaelekeza kaskazini, na aliye karibu na ikweta huenda akalilaza dishi likitazama karibu utosini. Utahitaji namba tatu za mahali ulipo: upande, mwinuko, na kiasi cha kuzungusha LNB, kile kichwa cha dishi. Ukikosea nyuzi 1 tu, kule juu umekosea kwa zaidi ya kilomita 600, na huenda umeiangukia setilaiti jirani. Sogeza dishi kidogo, subiri king'amuzi kifikirie, sogeza tena. Usilipeperushe kama unafukuza inzi. Na usidanganywe na uso wake: madishi mengi madogo hutazama juu zaidi kuliko yanavyoonekana kuelekea, hivyo tawi unalodhani liko juu sana ndilo linalokuziba.

Dishi la paani lina tatizo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Gari-nyumba linayumba. Mtu akitoka kitandani kwenda chooni, paa linainama kidogo, na nyuzi 1 ni kidogo sana. Shusha miguu ya kusimamisha gari kabla ya kuelekeza, au weka dishi chini kwenye miguu mitatu na uning'inize dumu la maji katikati ili upepo usilihamishe. Mimi napenda ya chini. Gari linabaki kivulini, dishi linakwenda juani.

Njia ya tatu ni kutazama kwa intaneti, na hapo bando ndilo bwana. Netflix wenyewe wanakadiria hadi GB 1 kwa saa kwa picha ya kawaida, GB 3 kwa HD, na GB 7 kwa 4K. Kwenye kioo kidogo cha gari, ukikaa mita mbili, 4K ni kumwaga maji. Punguza ubora kwenye mipangilio, na pakua vipindi vya watoto ukiwa penye intaneti isiyo na kikomo. Nje ya nchi yako, vingine havitafunguka kwa sababu haki za kuonyesha huuzwa nchi kwa nchi. Umoja wa Ulaya ulilegeza hilo Aprili 2018 kwa huduma za kulipia, kwa wakazi wake wanaosafiri humo kwa muda.

Umeme

Hili huja kichwani usiku wa pili, taa zinapofifia. Betri ya volti 12 yenye Ah (ampea-saa) 100 ina Wh (wati-saa) 1,200 kwenye karatasi. Kama ni ya risasi na asidi, tumia nusu tu usije ukaiua: Wh 600. Dishi bapa la kawaida la setilaiti za chini linakula kama wati 60, ruta wati 10, runinga ndogo wati 30. Jumla ni wati 100, na betri yako ni ya saa 6, kabla hujawasha friji wala kuhesabu kinachopotea kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Ndiyo maana natafuta vifaa vinavyokubali volti 12 moja kwa moja, na natenga swichi ya dishi mahali ambapo mkono unafika ukiwa kitandani.

Kwa bwana wa wiki iliyopita sikuuza kitu ila waya. Tulilishusha dishi lake bapa kutoka paani, tukalipatia stendi fupi na waya mrefu wa kutosha kulifikisha nje ya kivuli. Runinga iliponywa kwa kuondoa pazia la kung'aa: kumbe alikuwa akitazama kwa intaneti ya ruta iliyokaa nyuma ya pazia hilo. Kilichobaki ni matundu manne ya skrubu paani. Tumeyaziba kwa gundi laini ya paa za magari, ile inayonyumbuka gari linapotikisika, na nimemwambia ayakague baada ya mvua ya kwanza, kwa kidole, moja baada ya jingine.