Feni klachi haichomelewi

Land Cruiser pikapu yenye injini ya dizeli ya 1HZ ikianza kuchemsha, ushauri unaotolewa gereji nyingi ni uleule: chomelea klachi ya feni, yaani kile kifaa kinachoishika na kuiachia feni kulingana na joto, izunguke moja kwa moja, tatizo limekwisha. Halijaisha. Limehamia kwenye pampu ya maji, kwenye mapanga ya feni na kwenye tangi la dizeli.

Kwanza ulizeni gari linachemsha wapi. Likichemsha kwenye foleni, au likipanda mlima wa Kitonga na mzigo kwa gia ya pili, hapo upepo wa mwendo hautoshi na feni ndiyo inayotegemewa. Mshukiwa wa kwanza ni klachi. Likichemsha barabara tambarare kwenye kilomita 90 kwa saa na kwenye foleni likatulia, klachi haina kosa: kwa mwendo huo hewa inaingia yenyewe. Tafuta rejeta iliyoziba, ndani kwa kutu au nje kwa matope na mbegu za nyasi. Ukichomelea klachi ya gari la namna hiyo umeharibu kifaa kizima na joto litabaki palepale.

Sasa jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Klachi haisikii joto la maji. Ule utepe wa chuma uliojiviringisha usoni mwake unasikia joto la hewa inayotoka kwenye rejeta. Hewa ikipata moto, utepe unajikunjua na kuzungusha vali ndogo, mafuta mazito ya silikoni yanatoka kwenye chumba cha akiba na kuingia kati ya sahani zenye mifereji, na hapo feni inashikwa. Hewa ikipoa, mafuta yanarudi na feni inateleza. Kwa hiyo rejeta iliyozibwa na matope inaidanganya hata klachi mpya, kwa sababu hewa ya moto haiufikii utepe. Osha rejeta kabla ya kununua spea, maji yakitokea upande wa injini kwenda mbele.

"Mbona feni inazunguka?" Inazunguka kwa sababu ya msuguano wa beringi na mafuta kidogo yaliyobaki. Kuzunguka si kuvuta hewa. Jaribio la mkono lifanye injini ikiwa imezimwa na imepoa: sukuma panga. Likizunguka raundi kadhaa bila kizuizi, mafuta yamekwisha. Likigoma kabisa, imekwama. Lakini jaribio hili lina udhaifu wake, maana klachi iliyokufa nusu inaweza kuonekana nzima mkononi. Ninaamini zaidi vitu viwili: michirizi ya mafuta yaliyoshikana na vumbi kuzunguka utepe au beringi, na ncha ya panga kucheza mbele na nyuma zaidi ya milimita 6. Ukiona kimojawapo, badilisha.

Kujaza silikoni? Toyota wenyewe wanauza vichupa vya mililita 18, na klachi isiyovuja inaweza kufufuka. Inayovuja kwenye sili itayatoa mafuta tena, na ukizidisha kipimo itabana muda wote, kama iliyochomelewa.

Kazi yenyewe si kubwa. Toa waya wa betri. Legeza nati 4 zinazoshika klachi kwenye puli ya pampu, spana namba 12, mikanda ikiwa bado imekaza. Ukiitoa mikanda kwanza, puli itazunguka na spana. Kisha legeza alteneta, toa mikanda, fungua kava ya feni, weka kipande cha boksi mbele ya rejeta kuzilinda fini zake nyembamba, na unyanyue feni na kava pamoja.

Klachi mpya isimamishe wima, kama inavyokaa kwenye gari. Ikilazwa, silikoni inaweza kuingia kwenye beringi na kuharibu grisi. Iweke kando ya ile ya zamani upime kimo: ikizidi kidogo tu, mapanga yatagusa rejeta. Shika puli ya pampu uitikise. Ikicheza, badilisha pampu leo, usiisubiri. Panga lenye ufa hata wa unywele halirudi. Angalia pia feni isigeuzwe, kwani ikigeuzwa bado inavuta, ila kidogo.

Kava irudi na boluti zake zote. Bila kava feni inazungusha hewa ileile ya moto iliyo kwenye boneti, na gari litachemsha na klachi mpya ndani. Nati kaza kwa mshazari, kwa nguvu ya kiwiko tu, bila kurefusha spana kwa bomba. Mikanda ya 1HZ ni miwili, nunua jozi. Mmoja mpya na mmoja mkuukuu haigawani mzigo.

Wanaotetea kuchomelea husema kwenye foleni inasaidia. Ni kweli, inasaidia. Lakini mizunguko ya feni ikiongezeka mara mbili, nguvu inayokula inaongezeka mara nane, na 1HZ inafika mizunguko 3,800 kwa dakika. Hapo panga la plastiki linapasuka na kuichana rejeta. Na ukivuka mto, feni isiyoteleza inapiga maji, mapanga yanajikunja mbele hadi kwenye rejeta. Ukikwama porini unaweza kuifunga klachi kwa boluti ufike mjini, taratibu, mizunguko isizidi 2,000. Ukifika, toa boluti hiyo.

Klachi mpya ikiwashwa asubuhi itanguruma dakika moja au mbili, kwa sababu mafuta yamekaa kati ya sahani usiku kucha, halafu itatulia. Usiirudishe dukani kwa ajili ya mlio huo.