Mazoezi Hayausimamishi Moyo: Ufafanuzi Kuhusu Mapigo Hatari

Kila mchezaji anapoanguka uwanjani, kliniki yetu hupokea watu waliokwisha kuacha mazoezi kwa kuamini kwamba ndiyo yanayoua. Hofu hiyo tunaielewa, ila imemwangukia asiye na hatia.

Umeme wa moyo ukivurugika katika vyumba vya chini, misuli hutetemeka ovyo badala ya kusukuma damu, na mtu huzimia ndani ya sekunde chache. Kwa watu wazima, chanzo kikubwa ni mishipa ya moyo iliyoziba, pengine bila dalili yoyote. Adrenalini, yaani homoni inayoharakisha moyo, ikifurika ghafla kwenye moyo wa namna hiyo, hasa wa mtu asiyezoea jasho, hatari hupanda. Kwa anayefanya mazoezi kila wiki, neva ya vagasi, ambayo ndiyo breki ya moyo, hupata nguvu: aliyekuwa akihesabu mapigo 80 kwa dakika, kidole kikiwa kwenye kifundo cha mkono, baada ya miezi kadhaa ya kutembea kwa kasi anaweza kuhesabu 70, na akipanda ngazi mapigo hutulia upesi zaidi.

Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mechi moja ya mwisho wa mwezi, baada ya wiki nne za kukaa kitini, haimo katika ushauri huo, na tumechoka kulisema hili.

Aliyewahi kuzimia akifanya mazoezi, au aliyefiwa ghafla na ndugu wa damu angali kijana, apimwe kwanza. Kipimo cha umeme wa moyo hakiumi wala hakiingizi umeme mwilini. Mpimwaji afike bila mafuta kifuani, alale chali bila kuzungumza, abandikwe vibandiko 10, yaani 6 kifuani na 4 mikononi na miguuni, kisha asubiri karatasi itoke. Karatasi safi haimwondolei shaka aliyewahi kuzimia; huenda akavalishwa kifaa cha kurekodi mapigo kwa saa 24, au akapimwa akiwa anatembea kwenye mashine ya mazoezi.

Anayetumia dawa za kupunguza kasi ya mapigo asiziruke siku ya mazoezi ili, kama wengine wanavyotueleza, “moyo upate nafasi”. Kuziacha ghafla kunaweza kuleta mapigo yale yale tunayoyazuia.