Kwa nini ramani ya safari za buabua hukosea ikifika kwetu Tanga

Kaskazi ikianza kuvuma, wavuvi wa Mwambani huniuliza: hawa buabua wanaojaa kwenye mafungu maji yakipwa wametoka wapi, na wakiondoka wanakwenda wapi?

Kwa ndege wadogo wa baharini tunategemea sana kidude cha kupimia mwanga, kinachofungwa kwenye pete ya mguuni. Huwa hakizidi gramu 2, maana buabua wengi wana gramu mia na ushei tu. Hakirushi habari popote. Kinahifadhi tu mwanga ulivyopanda na kushuka kila siku, mpaka ndege akamatwe tena, mara nyingi kiotani. Asiporudi, habari zake zimekwenda naye.

Katikati ya mapambazuko na machweo kidude hutuonyesha saa ya jua la utosini pale alipo ndege. Jua hilo hufika Tanga kwanza, Kigoma kama dakika 38 baadaye. Kila dakika 4 ni nyuzi moja ya longitudo. Kwa hiyo mashariki na magharibi tunazipata vizuri. Kaskazini na kusini tunazipata kwa urefu wa mchana, na hapo ndipo pwani yetu inapotusumbua. Kaskazini mwa Greenland mwezi Juni jua halizami kabisa. Tanga, mchana mrefu kuliko yote unauzidi ule mfupi kwa dakika zisizofika 40. Wingu zito la alfajiri, au ndege kuukalia mguu wenye kidude, laweza kumhamisha kwenye ramani kutoka Tanga hadi Kilwa. Mwishoni mwa Machi na Septemba ni balaa: mchana na usiku hukaribia kulingana dunia nzima, na ndege wengi wako safarini.

Kifaa hiki ni kizuri sana mahali pake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuata buabua 11 wa Aktiki kutoka Greenland na Iceland hadi bahari za Antaktika: wastani wa kilomita 70,900 kwa mwaka. Ulifichua pia kituo chao katikati ya Atlantiki ya Kaskazini, wanakokaa karibu mwezi mzima. Lakini huku kwetu, nukta moja kwenye ramani bila kuonyesha upana wa kosa naiona ni kumdanganya msomaji. Afadhali tulinganishe na joto la maji, ambalo baadhi ya vidude hupima, au tutumie GPS ya sola kwa shakwe wakubwa.

Na pete ya chuma yenye namba bado ina kazi: inatuambia hasa ndege alipofika. Ukikuta ndege mfu ufukweni, Tongoni au Sahare, tazama miguu. Chumvi hula herufi, basi isugue pete taratibu kwa maji baridi, ipige picha pande zote jua likiwa la ubavuni, uandike tarehe na mahali. Akiwa hai, usiivue.