Harufu Kali ya Bwawa Haimaanishi Klorini Imezidi
Wengi huamini kwamba bwawa la kuogelea linalonuka na kuwasha macho limetiwa klorini kupita kiasi, ilhali mara nyingi klorini inayofanya kazi ndiyo iliyopungua. Harufu ile ni ya kloramini, ambayo hutokea klorini inapokutana na jasho na mkojo wa waogeleaji, na ili kuivunja hutiwa kwa mkupuo klorini ya takriban mara 10 ya kiasi cha kloramini hiyo, jioni, jua lisije likaimaliza mapema.

Kosa kubwa zaidi hufuata hapo, nalo ni kukimbilia kurekebisha pH, yaani kiwango cha uasidi wa maji, usiku uleule. Klorini ikiwa nyingi mno, kipimo cha matone mekundu huweza kugeuka zambarau kana kwamba pH imepanda, mtu akamimina asidi isiyohitajika. Iacheni pampu izungushe maji, klorini ishuke, ndipo mpime: alkalini kwanza, miligramu 80 hadi 120 kwa lita, kwa kuwa ndiyo inayoizuia pH isiyumbe, kisha pH yenyewe, 7.2 hadi 7.8. Tafadhali, watoto wasiingie kabla ya hapo, hata maji yakiwa yameshatakata.