Jeni ya ATRX: alfa thalasemia mbili zinazochanganywa

Kuanzia Kisumu hadi Busia, alfa thalasemia, hali ya damu ambamo mwili hutengeneza alfa globini (sehemu ya himoglobini) kidogo, imezoeleka hivi kwamba majibu ya maabara yakionyesha seli nyekundu ndogo, hakuna anayeshtuka. Shida huanza pale mtoto wa kiume mwenye majibu hayo anapochelewa kukaa, kutembea na kusema. Mtu husoma mtandaoni kuhusu jeni ya ATRX, akaona maneno "alfa thalasemia" na "ulemavu wa akili" yako pamoja, basi akahitimisha.

"Ana alfa thalasemia, basi ATRX yake ina kasoro"

Sivyo. Aina iliyoenea kwetu hutokana na kukatika kwa kipande cha herufi kama 3,700 za DNA kwenye kromosomu ya 16, palipo na jeni za alfa globini. Imeenea kwa sababu humkinga mwenye nayo dhidi ya malaria kali, na malaria si mgeni katika ukanda wa Ziwa. Akili haiigusi.

Aina ya pili, ile inayokuja na ulemavu wa akili, ndiyo hutokana na kasoro ya ATRX. Jeni hii iko kwenye kromosomu ya X, na haitengenezi globini hata chembe. Kazi yake ni kufungasha. DNA ya seli moja, yenye urefu wa karibu mita 2, huviringwa kwenye protini ziitwazo histoni, na mchanganyiko huo ndio kromatini. Protini ya ATRX hutumia nishati ya ATP kupanga ufungaji huo. Ikishirikiana na protini nyingine, DAXX, huweka histoni ya aina ya H3.3 kwenye ncha za kromosomu na mahali ambapo herufi za DNA hujirudiarudia. Karibu na jeni za alfa globini pana mahali pa namna hiyo. ATRX ikishindwa kazi, jeni hizo husomwa kidogo ingawa zenyewe ni nzima. Urefu wa eneo hilo hutofautiana kati ya mtu na mtu, kwa hiyo ndugu wawili wenye kasoro ileile wanaweza kupishana sana kwenye damu. Ukubwa wa thalasemia haukuambii ulemavu utakuwa mkubwa kiasi gani.

"Damu imepimwa, haina kitu, basi si ATRX"

Hapa ndipo wengi hukosea. Hesabu ya kawaida ya damu inaweza kukaribia kuwa sawa kabisa, na mashine ya kutenganisha himoglobini ikakosa kuona himoglobini H, ile isiyo ya kawaida inayojitokeza alfa globini ikipungua, kwa uchache wake. Kipimo chenyewe ni cha mkono: damu mbichi kutoka kichupa cha EDTA, kile cha kifuniko cha zambarau, huchanganywa na rangi ya buluu ya kresili ya asilimia 1, ikaachwa kwa muda mrefu kuliko zile dakika 15 au 20 za kuhesabu retikulosaiti, yaani seli nyekundu changa. Ukiharakisha, vidoa vya himoglobini H havijitokezi. Seli inayotafutwa imejaa vidoa vidogo vilivyosambaa kote. Retikulosaiti huwa na nyuzi au chembe chache zilizokusanyika. Kwa mvulana mwenye kasoro ya ATRX, seli hizo zinaweza kuwa 30 katika 100, au 1 tu katika 10,000. Anayetazama sehemu chache za slaidi akaondoka hataiona. Wapo pia wasio nazo kabisa.

Mwili ndio huleta shaka kwanza: misuli iliyolegea tangu utotoni, korodani ambazo hazijashuka au viungo vya uzazi visivyokamilika, mdomo wa juu wenye umbo la hema, usemi mdogo au usiokuwepo. Jibu la mwisho hutoka kwa kusoma jeni ya ATRX yenyewe.

"Seli ni ndogo, mpe vidonge vya chuma"

Seli za thalasemia ni ndogo hata chuma kikiwa tele, na vidonge havizikuzi. Pima ferritini, protini inayoonyesha akiba ya chuma, kwanza. Lakini usiipime mtoto akiwa na malaria au homa nyingine ukaiamini peke yake: maambukizi huipandisha, upungufu wa kweli ukajificha. Iambatanishe na CRP, kipimo cha damu kinachopanda mwili ukipambana na maambukizi.

"Ni chira" au "ni mama aliyeleta"

Chira, laana ya kuvunja mwiko, haimo. Mara nyingi mama ni mbebaji mwenye afya njema, kwa sababu seli zake huzima ile X yenye kasoro na kutumia nzima. Kila mimba ya mtoto wa kiume ina nafasi ya nusu ya kuathirika, na ya msichana nusu ya kuwa mbebaji. Mara nyingine mabadiliko huanza kwa mtoto huyo huyo na mama hana chochote. Wakwe wanaomsuta wajue pia kwamba baba humpa mwanawe wa kiume Y, si X. Hilo ni suala la hesabu, halimpi yeyote lawama.

"ATRX imetajwa kwenye uvimbe wa ubongo, basi ukoo mzima upimwe"

Katika astrositoma (aina ya uvimbe wa ubongo) na uvimbe fulani wa kongosho, ATRX huharibikia ndani ya uvimbe wenyewe na kwa kawaida hairithishwi. Mwanapatholojia hupaka kingamwili inayotia rangi ATRX: viini vya seli za uvimbe vikikosa rangi huku vya mishipa ya damu kwenye slaidi ileile vikiwa nayo, jeni imepotea. Mishipa nayo ikikosa rangi, kipimo kimeharibika, kirudiwe.

"Hakuna la kufanya"

Tiba ya kuirekebisha jeni haipo, lakini mengi yanayowaumiza watoto hawa hutibika: degedege, kufunga choo, chakula kurudi kooni. Mlishe akiwa ameketi wima, kidogo kidogo, na asilazwe mara tu baada ya kula, maana chakula kikiingia mapafuni huleta nimonia. Akitapika kijani, au tumbo likivimba na choo kikakatika, utumbo unaweza kuwa umejisokota: apelekwe hospitali ya rufaa siku hiyo hiyo, bila kungoja kliniki.