Namba ya kawaida: jina moja, dhana mbili

Chukua sarafu ya shilingi 500. Irushe. Ikianguka upande wa korongo, yule ndege wa kwenye bendera yetu, andika 1. Ikianguka upande wa nembo ya taifa, andika 0. Jana jioni nilikaa barazani hapa Kampala nikairusha mara 20, nikapata hivi: 0 1 1 0 1 0 0 0 1 1 1 1 0 1 0 0 1 0 1 1. Tanguliza sifuri na nukta, na hapo umeanza kuandika namba ya kizio cha mbili, yaani inayoandikwa kwa 0 na 1 tu. Kama ungeweza kurusha bila kukoma, basi namba ambayo ungeipata, karibu kwa hakika, ingekuwa ile ambayo wanahisabati huiita "namba ya kawaida".

Jina lenyewe linapotosha. Mwanafunzi wangu mmoja alidhani ni namba za kila siku: bei ya mkungu wa matoke, nauli ya boda, idadi ya watoto darasani. Namba hizo zote hazimo.

Maana yake ni hii. Mwaka 1909 Mfaransa Émile Borel alieleza namba ambayo desimali zake hazipendelei chochote. Katika kizio cha kumi, yaani uandishi wetu wa kila siku, kila tarakimu kuanzia 0 hadi 9 iwe na fungu lake la 1/10. Kila jozi, iwe 37 au 00, iwe na fungu la 1/100. Kila kundi la tarakimu tatu 1/1000, na kuendelea hivyo kwa makundi ya urefu wowote. Rudi kwenye sarafu yangu: katikati korongo ametokea mara nne mfululizo. Wengi wakiona hivyo husema sarafu ina hila. Lakini namba ya kawaida ya kizio cha mbili inadai 1111 ionekane katika nafasi 1 kati ya kila 16, sawasawa na 0110 au mpangilio mwingine wowote wa tarakimu nne. Namba isiyo na mfululizo kama huo ndiyo yenye hila.

Sharti la jozi na makundi si la bure. Tazama 0.12345678901234567890…, inayojirudia hivyo milele. Kila tarakimu imepata 1/10 yake kamili, lakini 11 haitokei hata mara moja, basi imeshindwa. Ukiichunguza utakuta ni sehemu tu, yaani namba kamili moja iliyogawanywa kwa nyingine: 137174210 gawanya kwa 1111111111. Na sehemu zote hushindwa, kwa kuwa desimali zake ama huisha ama hujirudia. 1/7 ni 142857, 142857, tena na tena. Huoni 3 humo, wala 9.

Borel alithibitisha kwamba karibu namba zote halisi ni za kawaida. Ukichagua moja kwa bahati nasibu kati ya 0 na 1, uwezekano wa kupata isiyo ya kawaida ni sifuri. Zimejaa kila mahali, lakini kuikamata moja na kuthibitisha kwamba ndiyo hii, hapo kuna kazi! Pai hatujui. Kipeuo cha pili cha 2 hatujui. Kufikia 2022 tarakimu trilioni 100 za pai zilikuwa zimekokotolewa, na zilizohesabiwa zinaonekana zimelingana vizuri, ila tarakimu nyingi kiasi gani haziwi uthibitisho juu ya zisizo na mwisho. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba namba yako ya simu imo ndani ya pai bila shaka, mwambie hilo bado halijathibitishwa.

Ipo namba nyingine inayokuhakikishia. Mwaka 1933 David Champernowne, akiwa bado mwanafunzi Cambridge, alipanga namba kamili zote kwa mfuatano: 0.123456789101112131415… Akathibitisha kwamba hii ni ya kawaida katika kizio cha kumi. Simu yako imo, hata kama inaanza na 07 kama zetu nyingi: itangulizie 1, na namba hiyo kamili itafikiwa siku moja. Mwaka 1946 wanahisabati Copeland na Erdős walionyesha kwamba hata ukipanga namba tasa peke yake, 0.235711131719…, inafaulu.

Kwenye kompyuta, jina hilohilo lina maana nyingine kabisa. Linahusu namna ya kuandika. 0.0047 unaweza kuiandika 4.7 × 10⁻³, au 0.47 × 10⁻². Ile ya kwanza, inayoanza na tarakimu isiyo sifuri, ndiyo ya kawaida. Kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985, kinachoeleza jinsi kompyuta zinavyohifadhi namba kama hizi, kina muundo wa biti 64, kila biti ikiwa 0 au 1: 1 ya alama ya kuongeza au kutoa, 11 za kipeo, 52 za tarakimu. Katika kizio cha mbili tarakimu isiyo sifuri ni 1 tu, basi haina haja ya kuhifadhiwa. Biti 52 zinabeba tarakimu 53. Mimi ujanja huu naupenda sana.

Namba chanya ndogo kabisa ya kawaida hapo ni 2⁻¹⁰²², karibu 2.2 × 10⁻³⁰⁸. Chini yake zipo zilizo chini ya kawaida, zinazoruhusiwa kuanza na sifuri huku usahihi ukipungua kidogo kidogo hadi 2⁻¹⁰⁷⁴. William Kahan, mmoja wa wabunifu wakuu wa kiwango hicho, alizipigania, na alikuwa na haki: bila hizo, namba mbili ndogo zinazotofautiana zingeweza kutoana zikabaki sifuri, na programu iliyokwisha kuhakikisha kwamba x si sawa na y ingejikuta inagawanya kwa sifuri.

Na kila namba ya kawaida ya kompyuta ni sehemu, kwa hiyo hakuna hata moja inayofaulu mtihani wa Borel. Omba pai katika muundo huo wa biti 64, utapewa 884279719003555 gawanya kwa 281474976710656. Katika kizio cha mbili, baada ya nafasi 48 kutoka kwenye nukta, zinafuata sifuri tupu.