Je, wajua kwa nini herufi nyeusi kwenye kompyuta zina rangi pembeni?

Ukipita kwenye steshenari za Ngamiani, Tanga, hukosi kumwona mteja kasimama nyuma ya mchapaji, akihakiki kwenye monita kama jina lake limeandikwa sawasawa. Piga picha ya neno moja pale kwenye kioo, simu ikiwa karibu kabisa, kisha ikuze. Herufi uliyodhani ni nyeusi tii mara nyingi utaikuta ina wekundu ubavu wa kushoto na bluu ubavu wa kulia. Karatasi ikitoka kwenye printa, rangi hizo hazipo.

Monita si mbovu. Rangi zimewekwa makusudi.

Kioo kimejaa vinukta viitwavyo pikseli. Monita ya inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080 ina takriban pikseli 92 tu katika kila inchi. Kwa maandishi ya kawaida, herufi "e" hupata kimo cha pikseli saba hivi, na humo humo lazima utoshe mviringo, mstari wa katikati na mdomo wake. Kompyuta ikitia weusi pikseli nzima nzima, mikunjo yote hutoka ngazi ngazi.

Dawa ya kwanza ilikuwa kijivu: pikseli iliyofunikwa nusu na herufi inatiwa weusi nusu, na jicho, likiwa mbali kidogo, linaona ukingo laini. Dawa ya pili ndiyo inayonivutia zaidi. Kila pikseli ina vipande vitatu vilivyosimama sambamba: chekundu, kijani na bluu. Mwaka 1998 Microsoft walitangaza ClearType, inayowasha kila kipande peke yake, hivyo ukingo wa herufi unaweza kusogezwa kwa theluthi ya pikseli. Ilikuja na Windows XP mwaka 2001. Zile rangi za pembeni ndizo gharama yake. Simu nyingi za leo zina pikseli zaidi ya 300 kwa inchi, kwa hiyo haziuhitaji sana ujanja huu. Apple nao waliuacha kwenye kompyuta zao mwaka 2018.

Sasa, mbona kuna monita ambazo maandishi yake yana ukungu hata hivyo? Mara nyingi mtu ameshusha rezolusheni, yaani idadi ya pikseli za picha, ili herufi ziwe kubwa. Monita ya 1920 kwa 1080 ikilazimishwa 1366 kwa 768, pikseli moja ya picha inatandazwa juu ya moja na kitu za kioo, na ule ulainishaji wote unavurugika. Wazee wetu huishia kukodoa macho, wakidhani miwani imeisha nguvu. Rudisha rezolusheni ya asili ya monita, halafu ongeza ukubwa wa maandishi hadi asilimia 125 kwenye mipangilio. Herufi zitakua bila kufifia.

Kwenye Windows, tafuta pia neno ClearType. Utaletewa sampuli za maandishi uchague inayosomeka vizuri, na mwenye haki ya kuchagua ni yule anayekaa mbele ya kioo hicho kutwa nzima.